Ndevu, leza na ngozi nyeusi: nilivyofikia uamuzi nikiwa Tanga

Homoni haziondoi ndevu. Nilitamani mtu aniambie hivyo mapema, kwa sababu wengi wetu tukianza estrojeni, homoni ya kike, hungoja kidevu nacho kibadilike. Ngozi hulainika kweli, na nywele za mwilini hupungua polepole, lakini ndevu zilizokwisha kuota tangu balehe hubaki palepale. Mimi ni mwanamke niliyezaliwa nikaitwa mtoto wa kiume. Nashona nguo Ngamiani, hapa Tanga, na kila alfajiri kabla ya kufungua kibanda ilinibidi nishike wembe.

Wembe wenyewe ningeuvumilia. Kilichonitesa ni vipele. Nywele zetu zimejikunja, na zikikatwa karibu na ngozi ncha hurudi kuingia ndani, panavimba, kisha panabaki doa jeusi. Kwa joto la Tanga, poda ya kufunika madoa hayo haifiki adhuhuri. Mama mdogo, ambaye nyumbani ndiye pekee ninayezungumza naye waziwazi, alikuwa akinitazama shingo anasema, "Mwanangu, uso unakuuma huu. Nenda kwa daktari, usiende dukani."

Alisema hivyo kwa sababu ndugu yetu wa Muscat alikuwa amekuja na kifaa kidogo cha mwanga cha kuondoa nywele nyumbani, akanipa kwa moyo mweupe. Kwenye boksi palichorwa rangi za ngozi, kuanzia nyeupe hadi nyeusi sana, na rangi yangu ilipigwa alama ya X, kwamba isitumiwe. Sikukiwasha. Nikaanza kusoma ili nijue kwa nini.

Mwanga wa vifaa hivi hutafuta melanini, ile rangi inayofanya unywele na ngozi viwe vyeusi. Rangi ikifyonza mwanga hupata joto, na joto hilo ndilo linalounguza shina la unywele. Mwenye ngozi nyeupe na nywele nyeusi hana shida kubwa, kwa kuwa rangi yake nyingi iko kwenye unywele. Sisi melanini imejaa pia juu ya ngozi, hivyo joto huweza kuishia hapo hapo likaacha malengelenge na madoa, pengine na kovu. Leza, ule mwanga mkali wanaoutumia madaktari, nayo hufanya kazi hivyohivyo, ila leza hazifanani. Kuna iitwayo Nd:YAG, yenye mawimbi ya nanomita 1064 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Melanini huifyonza kidogo, nayo huzama chini zaidi, ndiyo maana madaktari wa ngozi huipendelea kwa watu weusi. Alexandrite, ya nanomita 755, inawafaa zaidi wenye ngozi nyeupe. Kwa kuwa ile ya 1064 hufyonzwa kidogo, kazi yake ni ya taratibu, na mtu hurudi mara nyingi.

Hapa Tanga sikuipata. Nikapanda basi la alfajiri, Segera, Chalinze, hadi Dar. Mahali pa kwanza nilipoingia niliuliza mashine yao ni ya nanomita ngapi. Hakuna aliyejua, lakini walitaka nilipe awamu zote kwa mkupuo. Nikashukuru nikaondoka. Dada yangu unayesoma, swali hilo liulize kabla ya kuuliza bei, na asiyeweza kulijibu usimpe uso wako.

Mahali pa pili niliogopa foleni kuliko leza. Nilidhani nitatazamwa. Nikakuta wanawake wamejaa, wake za watu, wanafunzi, mama mmoja na binti yake, na wengi walikuja kwa ajili ya kidevu. Kuna wanawake wengi ambao ovari zao zina vifuko na homoni zimevurugika, nao huota ndevu. Hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Nilikaa nikapumua.

Ndani, kwa daktari, sikuficha. Aliniuliza, "Dada, unatumia dawa gani?" Nikamtajia estrojeni na spironolaktoni, dawa ya kuzuia homoni za kiume. Akaandika, akaendelea kuuliza: je, napaka mkorogo, nimeota keloidi, yaani kovu linalovimba, popote, nang'oa nywele kwa kibano? Kibano alikikataza kabisa, maana unywele ukishang'olewa, leza haina cha kushika. Kunyoa ruksa. Hilo lilinipa nguvu kuliko yote aliyoyasema, kwa kuwa ningeweza kuendelea kunyoa kila siku na kwenda kazini nikiwa vilevile.

Nilikuwa nimefikiria pia sindano ya umeme, elektrolisisi. Ni njia ya zamani. Mwaka 1875 Charles Michel, daktari wa macho wa St. Louis huko Marekani, aliandika jinsi alivyoitumia kuondoa kope zilizoota kuelekea jichoni. Inaua shina mojamoja, haijali rangi ya ngozi wala ya unywele, na kinachoondoka kimeondoka. Leza hupunguza, na zinazobaki au kurudi mara nyingi huwa nyembamba. Lakini sindano inataka unywele utokeze siku kadhaa ushikike, tena kwa uso mzima ni saa nyingi mno. Ushungi haufuniki kidevu. Nikabu ingefunika, ila nikabu ni ibada kwa wanaoivaa, na sikutaka kuifanya maficho yangu.

Nikachagua leza, kwa kuanza na jaribio dogo chini ya sikio. Iliuma kama mpira wa kufungia noti ukiuvuta na kuuachia kwenye ngozi, pakanuka unywele ulioungua. Nilirudi Tanga nikipatazama mahali pale kila asubuhi. Hapakutoka lengelenge wala doa. Baada ya muda nywele zikaanza kudondoka zenyewe nikinawa.

Sasa naenda awamu kwa awamu, nalipa kila ninapokwenda, zikipita wiki kadhaa katikati, maana leza huua nywele zilizo katika kipindi cha kukua tu. Mdomo wa juu ndio unaouma zaidi. Hupakwa ganzi kwanza. Jua nalikwepa, na mafuta ya kukinga jua napaka hata kukiwa na mawingu. Vipele vya shingo vimepungua sana, na mama mdogo ndiye aliyeona kabla yangu.

Zimebaki nyeupe za kidevuni. Hazina melanini, leza inazipita tu. Hizo nitazipeleka kwenye sindano nikishamaliza, zikiwa chache, na siku za kuziacha zitokeze zitakuwa chache pia.