Rula, dagaa na ile 0.25x ya lenzi

Kwenye karatasi ya sifa za lenzi kuna mstari unaosema 0.25x au 1:4. Namba hiyo ndiyo ukuzaji: inalinganisha taswira inayoangukia kwenye sensa, bapa la ndani ya kamera linalopokea mwanga, na kitu chenyewe. Skrini ya simu haihusiki, wala ukubwa wa picha ukichapishwa. Dagaa wa milimita 50 aliyeanikwa Kirumba, Mwanza, kwa 1:4, anachukua milimita 12.5 za sensa. Kwa 1:1 anahitaji 50 kamili, na sensa kubwa ina upana wa 36 tu: kichwa au mkia lazima ukatike.

Niliielewa vizuri nilipoanza kugawanya. Upana wa sensa gawanya kwa ukuzaji, unapata upana wa eneo litakaloonekana. 36 kwa 0.5 ni milimita 72, dagaa mzima anaingia na nafasi inabaki. Kwa sensa ndogo ya milimita 23.5, 0.5x inakupa 47, hapo dagaa yuleyule amezidi; 0.4x inatoa karibu 59. Ndiyo maana kwa dagaa sioni haja ya kununua lenzi ya 1:1. Hiyo ni ya magamba, au jicho la furu.

Usiliamini neno "macro", yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, lililoandikwa kwenye lenzi ya zumu. Nyingi zinaishia 1:2 au chini ya hapo, tena kwenye urefu mmoja tu wa zumu. Pima mwenyewe: weka fokasi ya mkono, isogeze hadi mwisho wa karibu, kisha sogeza kamera yote mpaka rula ionekane kali. Piga, hesabu milimita zinazoonekana kutoka ukingo hadi ukingo. Zikiwa 94 kwenye sensa ya 23.5, una 0.25x.

Umbali wa karibu wa fokasi nao huhesabiwa kuanzia kwenye sensa, penye alama ya duara lililokatwa na mstari juu ya kamera. Lenzi ya makro ya milimita 100 iliyoandikwa sentimita 30 inaweza kukuachia 13 au 14 tu mbele ya kioo, na kivuli chako kinamfunika samaki.

Njia nafuu ni ringi ya kurefusha, bomba tupu linalofungwa kati ya kamera na lenzi. Urefu wa ringi gawanya kwa urefu wa fokasi, zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi: ringi ya 20 kwenye lenzi ya 50 inaongeza 0.4x. Ikishafungwa, lenzi haioni tena mbali. Mitumbwi ziwani itakuwa ukungu mtupu mpaka uitoe. Chagua yenye vituo vya umeme vya kuunganisha lenzi na kamera, la sivyo lenzi nyingi za kisasa hukwama kwenye tundu lililo wazi kabisa. Hilo ni tatizo kubwa, kwa sababu hata ukilipunguza tundu hadi f/8, kwenye 0.5x kina cha sehemu iliyo kali ni kama milimita 3 tu, na kwa 1:1 inabaki 1. Mlaze dagaa ubavu, sambamba na sensa.