Mtoto Aliyezaliwa Faili Likiwa Nairobi

Mwaka 2017 nilikuwa na steshenari Tandika: fotokopi, picha za pasipoti na kompyuta mbili, moja haiwaki mpaka uipige kibao. Wateja wengi walikuja kutazama matokeo ya mitihani. Mama Uvira, kama mtaa ulivyomwita, alikuja kutazama kama Kanada wameandika kuhusu ombi lake la kuhamia huko.

Alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, wa kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Yeye na mumewe walipewa kibali cha kukaa Dar kumuuguza mtoto wao Muhimbili. Kaka yake aliyekuwa Edmonton, Kanada, alitafuta wenzake wanne kanisani wakawa kundi la watu watano, kama mpango wa Kanada wa kudhamini wakimbizi ulioanza 1979 ulivyoruhusu, wakaahidi kuitunza familia kwa mwaka wa kwanza. Faili likaenda Nairobi, kwenye ofisi ya viza ya Kanada, na sisi tukabaki na ukurasa wa muda wa kusubiri. Niliuchukia ukurasa ule. Serikali ya Kanada wakati ule ilihesabu muda huo kwa maombi yaliyokwisha kushughulikiwa, ikatangaza miezi ambayo asilimia 80 yalikamilika ndani yake. Hizo asilimia 20 nyingine hazikusemwa, na hakukuwa na wa kukwambia faili lako liko upande gani.

Mwishowe usaili ukapita, vipimo vya afya vikapita, tukaanza kuulizia bei za mabegi Kariakoo. Hapo ndipo Mama Uvira akajifungua.

Jioni moja wakaja dukani wote. Kichanga kimeviringishwa kanga, tangazo la kizazi limekunjwa ndani ya kadi ya kliniki, na kaka mtu yuko kwenye simu, spika wazi.

"Msimtaje," alisema. "Vipimo vyenu vinadumu miezi 12 tu. Mkiongeza mtoto wataomba karatasi, watampima, na vyenu vitaisha muda. Njooni kwanza, huyo tutamwita baadaye."

Baba mtoto akaona ni sawa: kichanga kingebaki na bibi yake kambini. Mama mtu ananyonyesha, kimya.

Nikaomba nisome. Sheria yao ya wakati ule ilikuwa ngumu: mwanafamilia ambaye hakutajwa wala kukaguliwa kabla mzazi hajapata ukaazi, mzazi hataweza kumdhamini baadaye kwa njia ya familia. Baba akanitaka niirudie. Kule Edmonton kimya, halafu, "Ndugu yangu, wewe ni wakili?"

"Hapana, shemeji. Nasoma kilichoandikwa."

Mama Uvira akamhamishia mtoto bega la pili, akanigeukia mimi. "Kaka, andika. Huyu mtoto iko na jina."

Nikaandika. Likaja lile jibu la mashine linalokushukuru kwa ujumbe wako, halafu hakuna kitu kwa muda mrefu, kisha wakataka picha ya mtoto. Sijui kama aliyepanga masharti yale amewahi kupiga picha kichanga: macho wazi, mdomo umefungwa, nyuma kweupe, mkono wa mtu usionekane. Tulimlaza juu ya shuka jeupe mezani, nikapanda kwenye stuli na kamera, baba anapiga vidole, mama anaimba. Akifumbua macho anacheua, akiacha kucheua amelala. Kijana aliyekuja kutoa kopi za vyeti akaishia kushika taa.

Kaka mtu hakukosea kuhusu vipimo. Vya wazazi viliisha muda kweli, wakapimwa upya, na nauli za daladala za zamu hiyo zilitoka kwenye mtaji wa biashara yao ya maandazi. Kibali cha kutoka nchini kikapatikana, wakaondoka mwishoni mwa 2018, mtoto akiwa na kiti chake kwenye ndege.

Septemba 2019 Kanada ikalegeza sharti lile kwa majaribio: wakimbizi ambao hawakumtaja mwanafamilia wakaruhusiwa kumwombea. Mama Uvira akanitumia sauti ya WhatsApp akicheka, kaka yake anasema si aliwaambia?

Nikamjibu amwulize kaka yake, hilo ombi la pili lingechukua miezi mingapi.