Ugavana Minnesota: chama kikishapitisha jina, kazi bado

Kwa aliyezoea siasa za nyumbani, ambako jina likikatwa kwenye vikao ndiyo basi, jimbo la Minnesota hapa Marekani linachanganya. Hapa hakuna kikao chenye ubavu wa kukata jina. Anayetaka ugavana anajaza fomu pamoja na mgombea mwenza wake, analipa dola 300, na wanaingia kwenye kura za mchujo za Agosti, ambako wapiga kura wenyewe ndio humchagua mgombea wa chama. Mkutano mkuu wa chama unaweza kumpitisha mwingine kwa asilimia 60 ya wajumbe, na huyo aliyepitishwa akaangushwa kwenye mchujo huo.

Mwaka 2010 chama cha DFL, ndilo jina la Democratic huku, kilimpitisha Margaret Anderson Kelliher. Mark Dayton aliupa mkutano kisogo, akamshinda kwenye mchujo kwa kura zisizofika 7,000, kisha akawa gavana. Mwaka 2018 wajumbe walikaa Rochester wakampitisha Erin Murphy. Agosti, Tim Walz akapata karibu asilimia 42, Murphy 32, na Lori Swanson, aliyejitosa baada ya mkutano, karibu robo. Hakuna duru ya pili. Anayeongoza amepita, hata kama wengi hawakumtaka. Ndiyo maana swali la kwanza kwa kila jina linalotajwa ni: nani mwingine anakula kura kwenye sahani yake?

Usidharau wajumbe, lakini. Mwaka huohuo wa 2018, Jeff Johnson aliyepitishwa na Republican alimbwaga Tim Pawlenty, mtu aliyewahi kuwa gavana mihula miwili.

Kwa Republican kipimo cha uchaguzi mkuu wa Novemba ni kigumu zaidi. Hawajashinda kiti chochote cha jimbo zima tangu Pawlenty mwaka 2006. Mgombea anayejaza ukumbi vijijini lakini hapenyi vitongoji vya Minneapolis na St. Paul hafiki, na Scott Jensen, mgombea wao wa ugavana, alilionja hilo mwaka 2022. Upande wa DFL, mtazame mgombea mwenza: mwaka 2018 Walz, wakati huo mbunge wa wilaya ya mashambani ya kusini, alimchukua Peggy Flanagan kutoka St. Louis Park, kando ya Minneapolis. Hiyo ilikuwa hesabu, si urafiki tu.

Mikutanoni watu wetu hupoteza muda kuuliza habari za viza. Gavana hagawi viza. Hizo ni za serikali kuu, Washington. Muulize atamteua nani kuongoza idara ya huduma za jamii, maana malipo ya Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa huduma za wazee na walemavu majumbani yanapita huko, na wengi wetu ndiko tunakofanyia kazi. Muulize pia kuhusu leseni za udereva kwa wasio na makaratasi, sheria iliyosainiwa 2023: atailinda au atasaini kuifuta?

Anayetaka kuwa mjumbe aanzie kwenye mkutano wa mtaa wake mwezi Februari, Mei umeshachelewa. Mchujo ni Jumanne ya pili ya Agosti, na kura ya mapema hufunguliwa siku 46 kabla. Hakuna anayekuuliza wewe ni wa chama gani, ila karatasi ina safu za vyama: ukiweka alama kwenye safu mbili, kura zako za vyama zinaharibika. Mashine ikiirudisha karatasi, usilazimishe, omba nyingine. Mwenye grinkadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kuchangia kampeni fedha zake mwenyewe, lakini asipige kura hata akishawishiwa na nani, kwani kura hiyo moja inaweza kumfukuzisha nchini.