Jipu linalopumua: nilivyomtoa buu wa nzi wa embe kiunoni

Mtu akiniambia tena "kunywa antibaiotiki litaisha" tutagombana. Nilimeza dozi yote, elfu kumi na ngapi sijui ikaenda hapo, na kajipu kangu kanazidi tu kunenepa, maana halikuwa jipu, alikuwa mpangaji.

Ilikuwa masika, niko Muheza kwa shangazi, mvua haikatiki, nguo zinaanikwa barazani na chini ya miti zikauke zitakavyo. Vikaanza vipele kama vya mbu pale panapokaa lastiki ya bukta, vinawasha, baadaye vikawa vigumu. Muuza duka la dawa akasema majipu. Jirani akasema nimetupiwa kitu, nitafute kuku. Binamu yangu, huyu anayeshinda kwenye simu, akasema nibandike kipande cha kitimoto, mdudu ataifuata nyama. Hiyo ni mbinu ya wenzetu wa Amerika ya Kati na Kusini, kule kuna nzi mwingine kabisa, mayai yake yanaletwa na mbu na buu wake ana miiba inayomshikilia ndani, sasa mimi wa Muheza inanihusu nini? Halafu nyumba ya shangazi, mtu ameshahiji, kitimoto nakiingizia mlango upi?

Kilichonishtua ni usiku. Unalala, unasikia kitu kinajinyonganyonga, kinachoma, kinatulia. Na jipu mnalijua, linapwita na lina usaha, haya yangu yana kitundu katikati kinachovuja majimaji tu. Nikamwambia binamu awashe tochi apige picha kwa karibu, tukaikuza, tunaona vidoti viwili vyeusi ndani ya kitundu. Ndo anapopumulia huyo, yaani pua ziko makalioni! Binamu bado anabisha. Basi nikalala kifudifudi, nikamwambia dondosha maji hapo juu ya kitundu utulie uangalie. Kimya. Mara kipovu kimoja, kikapasuka, kikaja kingine. Jamaa alitoka nje mbio akaacha kikombe kinabiringika, na hapo mimi ndo niko na wadudu, si yeye. Kipimo cha bure kabisa hicho.

Kumtoa ni kumziba pumzi mpaka apande mwenyewe. Plasta peke yake ilibanduka, jasho la kule halina utani. Mafuta ya mgando nikapaka yakayeyuka yote yakaishia kwenye shuka. Ndo nikachukua mfuniko wa soda, nikauosha, nikaujaza mafuta ya mgando pomoni, nikaukandamiza juu ya kitundu na plasta pana juu yake. Tumekula mchana, tumepiga stori, kufungua tu kamkia kanachungulia. Hapo binamu (alirudi, kwa shingo upande) akaweka vidole gumba huku na huku, akabonyeza chini kwanza taratibu ndo akasukuma juu, akatoka mzima, mweupe, mnene, zaidi ya sentimita moja. Raha yake siwezi kuieleza! Wengine tukawatoa hivyohivyo. Ila usiminye kikavu bila kumziba kwanza, akipasukia ndani panavimba na kuoza, na hapo, au ukiwa na homa, au akiwa karibu na jicho, nenda hospitali usijifanye fundi. Waulize na sindano ya pepopunda.

Shangazi kumwona akacheka, "Aa, mwanangu, kumbe ndo hawa? Tumewatoa sana kwa watoto hawa." Shangazi, ulikuwa wapi wakati namaliza dozi!

Huyo nzi hataki jua kali, anataga kwenye nguo mbichi zilizo kivulini au kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo, mayai yanaanguliwa ndani ya siku 1 hadi 3 halafu vibuu vinasubiri joto la mwili wako vijipenyeze. Kwa hiyo jua likitoka anika juani, na pasi ipite pande zote mbili, sio ile ya kunyoosha kola tu, namaanisha mishono, lastiki, mashuka, taulo. Umeme ukikatika ipo ya mkaa. Na nepi za mtoto ndo za kwanza kupigwa pasi, maana ngozi yake laini na kusema hawezi, utabaki unahangaika na gripe water wakati mtoto analiwa makalio.