Punje za Mahindi na Umri wa Mashoka ya Isimila

Tulipokuwa tunarudi mjini Iringa kutoka Isimila, ubishi ndani ya kosta ulikuwa mmoja. Mzee aliyetutembeza korongoni alisema mashoka yale ya mawe yana miaka kama 260,000. Wamejuaje? Mwenzetu mmoja wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) akajibu kwa uhakika: kaboni 14, yaani kupima kaboni inayooza iliyobaki kwenye mabaki ya kiumbe. Mwalimu wetu wa fizikia alisikia, akanyamaza.

Kesho yake aliingia darasani na bakuli la mahindi makavu. Punje ya hindi ina upande mmoja wenye kiini cheupe. Tulihesabu punje 200, tukazimwaga mezani, zilizolala kiini juu tukazitoa, zilizobaki tukazimwaga tena, hivyo hivyo mpaka zikabaki za kuhesabu kwa vidole. Punje iliyosalimika mara tano haikuwa na hatari zaidi ya iliyosalimika mara moja. Atomi inayooza, yaani inayogeuka kuwa atomi ya aina nyingine, nayo ndivyo ilivyo, haizeeki: kama bado ipo, uwezekano wake wa kuoza mwaka huu ni uleule wa mwaka mmoja wowote, hata miaka elfu baadaye. Jambo hilo linanishangaza mpaka leo.

Kwenye grafu idadi ya punje ilishuka kwa mkunjo. Tulipochora logi asilia ya idadi hiyo, nukta zikajipanga karibu na mstari ulionyooka. Mteremko wake, ukiondoa alama ya kutoa, ndio lamda, kasi ya kuoza. Tuliitoa kwenye mahindi yenyewe, si kwenye kitabu.

"Haya, kijana wa kaboni, njoo uhesabu," Mwalimu akasema.

Nusu-maisha ya kaboni 14, muda wa nusu ya atomi zake kuoza, ni miaka 5,730. Logi asilia ya 2 ni 0.693, igawe kwa 5,730, unapata lamda ya 0.000121 kwa mwaka. Gramu moja ya kaboni ya kiumbe hai ina atomi za kaboni 14 kama bilioni 60. Kwa miaka 260,000 zinapungua nusu kwa nusu zaidi ya mara 45. Ubaoni, tulipofika mara ya 36 tu, hesabu ilishashuka chini ya atomi moja. Hakuna kilichobaki cha kupima.

Na jiwe lenyewe halina kaboni ya kiumbe hai. Kilichopimwa ni mifupa ya pale Isimila, kwa urani na thori inayozaliwa humo urani inapooza. Nusu-maisha ya thori 230 ni kama miaka 75,000, mwendo wa taratibu unaotosha kufika huko nyuma. Yule wa PCB hakurudi kukaa. Aliomba chaki nyingine, akaanza kutafuta lamda ya thori.