Sababu ya Kumrudia Sultani Suleiman

Katika tamthilia ya Kituruki ya Muhteşem Yüzyıl, nimeshaitazama mara tatu sehemu ambayo Mwanamfalme Mustafa anaingia katika hema la baba yake, na mara zote tatu nimeshindwa kuzuia machozi, ingawa najua tangu mwanzo kwamba hatatoka akiwa hai. Hilo la kifo chake halikutungwa: Mustafa alinyongwa mwaka 1553, karibu na Ereğli, kwa amri ya baba yake, Sultani Suleiman wa dola ya Uthmaniyya, aliyekuwa safarini kwenda kupigana na Waajemi. Tamthilia ilipofikia tukio hilo mwanzoni mwa mwaka 2014, watu kule Uturuki walifurika kwenye kaburi lake mjini Bursa, wakimlilia kijana aliyekufa zaidi ya miaka 450 iliyopita kana kwamba taarifa ya msiba ilikuwa imewafikia asubuhi ile.

Mimi niliijua tamthilia hii nyumbani kwa shangazi yangu. Katika usiku wa kwanza tu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: "Mwanangu, hawa ni wake wa sultani wa Kiislamu, mbona wamevaa vifua wazi hivi mbele ya wanaume wasio maharimu wao?" Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye vitabu. Wanawake wa kasri la Istanbul katika karne ya 16 walivaa shati jepesi, suruali pana, na juu yake nguo moja au mbili ndefu zenye mikono, kisha kofia na shela kichwani. Magauni yaliyobana kiunoni na taji ndogo zenye vito zinazong'aa katika kila sehemu yanaelekea zaidi kwenye kasri za Ulaya kuliko kwa Waturuki wa wakati ule. Hata nyumba yenyewe si sahihi, kwa sababu mwanzoni mwa utawala wa Suleiman wanawake hawakuishi katika kasri la Topkapı kama tunavyooneshwa, bali katika Kasri la Zamani, mbali kidogo na ofisi za dola.

Makosa ya namna hiyo nayasamehe bila uzito moyoni. Mshonaji wa tamthilia anataka mtazamaji amtambue kila mhusika kwa rangi ya nguo yake kabla hajafungua mdomo, na mwandishi anahitaji watu wote wakutane katika ukumbi mmoja ili wagombane. Namsamehe pia Leo, yule mchumba wa zamani wa Hürrem, mke kipenzi wa sultani; Leo huyo ni wa kubuni. Kuhusu ndoa ya Ibrahim Pasha, waziri mkuu wa Suleiman, na Hatice, dada yake sultani, ambayo imebeba sehemu nyingi za mwanzo, wapo wanahistoria wanaoona kwamba mke wa Ibrahim alikuwa mwanamke mwingine aliyeitwa Muhsine. Nilipolisoma hilo nilihuzunika kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimewapenda wawili wale. Hata hivyo huzuni hiyo haikunizuia kuendelea kutazama, wala haikupunguza uzito wa usiku ule wa mwaka 1536 ambao Ibrahim aliuawa ndani ya kasri alilokuwa akiingia na kutoka kama ndugu wa mwenye nyumba.

Kosa ninaloliona zito ni lile la kumpunguza Hürrem. Tamthilia inamtumia mno kwa wivu na fitina, wakati aliyoyafanya kweli yanashangaza kuliko fitina yoyote. Alikuwa mateka kutoka nchi ambayo leo ni magharibi ya Ukraine, akaingizwa katika kasri akiwa mjakazi. Desturi ilikuwa kwamba suria akishamzalia sultani mtoto wa kiume, hupumzishwa, na mtoto akikua mama huongozana naye kwenda kwenye jimbo atakaloliongoza. Hürrem alizaa watoto wa kiume zaidi ya mmoja, akabaki Istanbul, akaachwa huru, kisha Suleiman akamuoa kwa ndoa halali, jambo ambalo masultani wa ukoo ule walikuwa wameliacha kwa vizazi kadhaa. Aliandikiana na Sigismund wa Pili August, mfalme wa Poland. Alimwagiza Sinan, msanifu majengo mkuu, amjengee msikiti, madrasa na hospitali mjini Istanbul, na mwaka 1552 akaanzisha mjini Jerusalem jiko la kuwalisha maskini.

Neno suria halihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa pwani yetu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Zanzibar, alizaliwa na suria wa Kicherkesi, na yeye mwenyewe alitueleza jinsi maisha yalivyokwenda ndani ya kasri la Mtoni. Kwa hiyo ninapomtazama Hürrem siku ya kwanza, akiwa hana lugha wala jamaa, siitazami hadithi ya mbali. Vitabu vya historia vilinipa miaka ya tawala na majina ya vita. Uso wa msichana asiyejua kama kesho atauzwa tena sikuupata huko; niliupata kwa mwigizaji Meryem Uzerli, na gauni lake lisilo sahihi halikuweza kuuficha.

Mwaka 2012 Recep Tayyip Erdoğan, akiwa waziri mkuu, aliilaumu tamthilia hii hadharani, akisema kwamba Suleiman halisi alitumia miaka 30 juu ya farasi. Kuhusu vita ana hoja: Belgrade mwaka 1521, Rhodes 1522, Mohács 1526, Vienna 1529, na hatimaye sultani akafia vitani Szigetvár mwaka 1566 akiwa mzee mgonjwa. Lakini mtu huyo huyo alitunga mashairi ya mapenzi kwa jina la Muhibbi, na barua ambazo Hürrem alimwandikia akiwa vitani zimehifadhiwa hadi leo. Mapenzi yale hayakubuniwa na watu wa runinga, na sioni heshima gani inayopotea sultani akioneshwa akimkumbuka mkewe.

Mwezi uliopita tulianza upya kutoka sehemu ya kwanza. Shangazi, ambaye alikuwa muuguzi hadi alipostaafu, nilipomweleza kuhusu hospitali ya Hürrem aliniomba nisimamishe picha kwanza. Nikamwambia kwamba mjini Istanbul hadi leo ipo hospitali inayoitwa Haseki, kwa cheo alichokuwa nacho mwanamke yule. Akataka kuiona. Tukakaa tukitazama picha za lango lake kwenye simu yangu kwa muda mrefu, huku Suleiman akisubiri kwenye runinga.