Ninavyopunguza mtetemo kwenye viti vya marubani wa Bell 412

Rubani akilalamika mgongo, wengi hukimbilia kubadilisha mto wa kiti. Mimi mto nauacha mwisho, kwa sababu kwenye helikopta hii mto unaweza hata kuongeza mtetemo ambao ungetaka uuzuie.

Rota kuu ya Bell 412 ina mapanga manne na huzunguka mara 324 kwa dakika, yaani mara 5.4 kwa sekunde. Mitetemo miwili ndiyo inayomsumbua rubani zaidi. Wa 5.4 Hz (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde) hutokea pale panga moja linapotofautiana na wenzake kwa uzito au kwa njia linayopita. Hiyo ni kasoro, na ikishughulikiwa vizuri huisha karibu yote. Wa 21.6 Hz hutokana na mapanga yote manne yakipita hewani kwa zamu. Huo umo katika maumbile ya mashine, utaupunguza lakini hutaumaliza.

Ubaya ni kwamba mwili wa mtu aliyeketi hutikisika kirahisi zaidi kwa mtetemo wa juu-chini wa kati ya 4 na 8 Hz, na 5.4 imo humo humo. Kanuni ya kimataifa ya kupima mtetemo unaoupata mwili wa mtu, ISO 2631-1, huzidisha kila mtetemo kwa uzani unaolingana na jinsi unavyouathiri mwili: wa wima wa 5 Hz hupewa takriban 1.04, ilhali wa 20 Hz hupewa takriban 0.64. Kwa hiyo namba ndogo ya 5.4 Hz isidharauliwe.

Napima sehemu mbili kwa wakati mmoja. Sensa ya kwanza naifunga kwenye boliti ya reli ya kiti, mahali pagumu. Ukiiweka katikati ya bamba la sakafu utapima mchezo wa bamba. Ya pili imo ndani ya kisahani cha mpira chenye upana wa sentimita 25 hivi na unene usiozidi milimita 12, rubani anakikalia chini ya mifupa ya makalio. Tunarekodi dakika nzima helikopta ikiwa imetulia hewani bila kusonga, kisha kwa mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) 60, 80, 100 na 120, na pia wakati wa kupunguza mwendo kuja kutua, ambapo mtikisiko huongezeka. Mzunguko wa rota uwe uleule kila mara, na rubani awe yuleyule, kwani uzito wa mtu hubadilisha tabia ya mto.

Kisha nagawanya kipimo cha kiti kwa cha sakafu, vyote vikiwa vimeshapitia uzani wa ISO. Jibu likizidi 1, kiti kinakuza mtetemo. Kwa muda wa kazi, zidisha kipimo cha kiti kwa kipeuo cha pili cha saa za kuruka zilizogawanywa kwa 8. Mfano, 0.6 m/s² kwa saa 6 ni 0.52. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 yanamtaka mwajiri achukue hatua kuanzia 0.5 m/s², na yanakataza kuvuka 1.15. Nayatumia hata pasipo na sheria ya namna hiyo, kwa sababu mgongo wa rubani ni uleule popote.

Marekebisho yanaanzia kwenye rota. Mruko wa wima unaoonekana tangu helikopta ikiwa imetulia hewani, na usiobadilika sana kwa mwendo, huelekeza kwenye urefu wa fito zinazogeuza mapanga. Ukikua kadiri mwendo unavyoongezeka, tazama vibati vya ukingo wa nyuma wa panga. Mtikiso wa kushoto-kulia ni wa uzito. Rekebisha kitu kimoja, ruka, pima. Ukigusa viwili pamoja hutajua kipi kimesaidia. Wengi huridhika kasi ya mtetemo ikifika inchi 0.2 kwa sekunde. Kwa 5.4 Hz hiyo ni kilele cha takriban 0.17 m/s². Mimi sitosheki mpaka ishuke chini ya inchi 0.1 kwa sekunde.

Rota ikikaa sawa, kagua raba zinazoshikilia gia kuu: nyufa, kuvimba kwa mafuta, kuachana na chuma. Halafu kiti chenyewe. Kishike kwa mikono miwili ukitikise. Pini za reli zilizolika huacha uwazi, na kiti kinachogongagonga hugeuza mtetemo laini kuwa vishindo ambavyo hakuna sponji itakayovimeza.

Sasa mto. Sponji iliyokaliwa na mtu hudundadunda yenyewe kwa takriban 4 Hz. Kitu cha namna hiyo huanza kupunguza mtetemo ukishapita mara 1.41 ya hapo, yaani 5.7 Hz. Wa 21.6 utapungua vizuri, lakini wa 5.4 utakuzwa. Ndiyo maana rubani husema mto mpya ni mlaini na bado kiuno kinauma. Kuongeza unene si dawa: kiti kikianguka kwa kishindo, mwili huzama kwanza kwenye sponji, kisha hukutana na bamba la kiti likija juu kwa kasi, na uti wa mgongo hupokea pigo kubwa zaidi. Kwa hiyo mto wa nyumbani juu ya kiti nauondoa bila mjadala.

Kinachofaa ni sponji inayorudi polepole, yenye uwezo wa kunyonya nguvu, iliyo nyembamba, tabaka gumu chini na laini juu. Iwe imefaulu jaribio la kutoshika moto, na mabadiliko yapate idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kufungwa. Jua pia kwamba sponji hii hukakamaa kwenye baridi. Mto uliopimwa saa saba mchana pwani utaonyesha namba nyingine alfajiri kwenye nyanda za juu, kwa hiyo andika joto la kabini kando ya kila kipimo.